Mashine ya Chumba cha Nyuma

3 Februari

Shemeji,

Salamu kwanza, shida baadaye, ingawa najua umeiona bahasha ukasema, "Huyu akiandika ujue kuna kitu anataka." Umepatia. Nataka kitu.

Hapa kazini kompyuta zote zimehamishiwa Linux. Mimi sina ugomvi nayo, ni mfumo mzuri tu wa kuendeshea kompyuta. Tatizo ni programu ya Kaka ya kuchorea chipu. Aliiandika kwa ajili ya mashine za kale ambazo hakuna anayezitengeneza tena, na ile yetu ya hapa imekufa mwezi uliopita. Imebaki moja inayopumua, nayo ni hiyo iliyo kwenye chumba chako cha nyuma. Meneja alitaka tununue programu nyingine na hii ya Kaka itupwe. Nilisimama kikaoni nikasema nipeni nafasi, nitaihamisha mwenyewe. Hata sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Niliona kama wanamzika mara ya pili, na nikakufikiria wewe utakavyoumia ukisikia.

Kuna mchoro wake wa mwisho, chipu ya kusikiliza mapigo ya moyo ya watoto wachanga. Aliumaliza kabla ya kuugua na haukuwahi kutengenezwa. Nataka huo uwe wa kwanza kutoka kwenye Linux.

Ombi langu ni hili: nitakutumia maelekezo, wewe unaiwasha mashine, unabonyeza nilichoandika, ikichapa karatasi unanitumia kwa posta. Mashine yenyewe haina mtandao, na tukianza kusomeana namba kwenye simu tutagombana mchana kweupe. Karatasi zako nitazilinganisha na zangu. Zikifanana, nitajua programu imehama salama. Tafadhali sana, chumba kile usihamishe kitu, hata waya mmoja.

Shemeji yako,
Mchora Chipu


16 Februari

Mchora Chipu wangu,

Zimefika, salamu na shida zako. Mtu mzima hovyo, mwaka mzima kimya, halafu unaniletea kazi ya kubonyeza vitufe! Haya, nimeiwasha. Ilikohoa, ikavuma kama friji bovu, mpaka jirani akauliza kama nimenunua mashine ya kusaga. Nimebonyeza ulivyoandika na karatasi zimo humu ndani. Nilitoka zamu hospitalini miguu inawaka moto, kwa hiyo ukikuta namba zimepinda ujue ni karatasi iliingia vibaya, usinilaumu.

Ulivyosema chumba kisiguswe nimecheka kidogo, maana wiki hiyohiyo nilikuwa nimeshatoa maboksi ya kaka yako nifagie. Nimeyarudisha yote yalipokuwa. Nilikuwa na mipango midogo na nyumba hii, lakini siyo ya kukuumiza kichwa. Niambie tu, unadhani itachukua muda gani?

Binti yako anakusalimu. Anasema Baba Mdogo alimuahidi kuja likizo, na yeye hasahau.

Shemeji yako,
Muuguzi


20 Machi

Shemeji,

Uliniuliza muda gani. Nilitaka kukujibu "wiki mbili" nikasubiri kwanza nione. Afadhali nilisubiri.

Mwanzo programu haikuwaka kabisa. Kaka alitegemea maktaba, yaani programu ndogondogo za kusaidia, za kuchorea madirisha ya kwenye skrini, ambazo Linux ya leo haizijui hata kwa jina. Zingine nimezipata kwenye diski zake, zingine nimeziandika upya kwa mkono. Ikawaka, skrini yote nyeusi ti! Kumbe mashine ya kale ilikuwa na rangi chache, na programu inaomba rangi kwa namna ambayo kompyuta mpya haielewi. Nikarekebisha rangi. Nikafungua mchoro wa watoto wachanga: waya unaotakiwa kuwa mwembamba kuliko unywele umetokea mpana kama barabara kuu. Mashine ya Kaka inaandika namba kuanzia upande mmoja, zetu zinasoma kuanzia upande wa pili, basi kila kitu kinaingia kinyumenyume. Nimegeuza faili zote, moja baada ya nyingine.

Wenzangu wananiita Mganga. Wakipita mezani kwangu wanauliza, "Mgonjwa ameamkaje?" Nawaambia leo amekula uji.

Shemeji, jana mchoro ulifunguka. Wote, kila tabaka na rangi yake. Pembeni kuna mahali Kaka aliandika herufi za mwanzo za majina yenu wawili kwa waya mdogo usiofanya kazi yoyote. Nilitoka nje nikakaa ngazini. Nakuahidi hii programu haifi, na wala hutaona aibu ya kwamba uliolewa na mtu ambaye kazi yake ilitupwa jalalani.

Nimeambatisha maelekezo mapya. Sasa ndiyo tunaanza kulinganisha.

Mchora Chipu


8 Aprili

Shemeji,

Pole na hongera. Hizo herufi sikuzijua. Kaka yako hakuwahi kuniambia, nami sitadanganya, nimelia kidogo, kisha nikaenda kazini.

Karatasi zako hizi hapa. Zimechelewa kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kuchapa nikaogopa mashine imekufa. Mpimaji ndiye aliyenisaidia. Ni yule mpimaji wa viwanja aliyepanga mtaa wa pili, nadhani nilishakutajia. Alikuja na betri yake ya kazini akaifunga vizuri, sasa umeme ukikatika mashine inaendelea. Ni mtu mtulivu, mguu mmoja unamsumbua lakini hana manung'uniko. Alikaa kwenye kile kiti cha kaka yako akanitazama ninavyobonyeza, akauliza kazi hii inaisha lini. Nikamwambia Mganga ndiye anayejua.

Basi nami nauliza tena, kwa niaba ya wote wanaouliza. Inaisha lini?

Muuguzi


2 Mei

Shemeji,

Mwambie Mpimaji asante kwa betri, ila asiguse kitu kingine. Watu wa vifaa wana mikono mirefu.

Inaisha lini? Ingekuwa imeisha jana. Karatasi zako na zangu zinafanana, ukurasa hadi ukurasa, mpaka tulipofika kwenye ukaguzi. Programu ya Kaka ina sehemu inayopitia mchoro mzima na kusema kama nyaya zimekaribiana kupita kiasi, maana zikikaribiana sana chipu inaungua. Mashine yako inasema hakuna kosa. Linux inasema kuna nyaya mbili nene za umeme zimesogeleana mno. Mchoro ni uleule, na programu ni ileile.

Meneja amekuja kuangalia, akasema, "Sogeza hizo nyaya mbili tuendelee, siku moja tu." Nikamwambia mchoro wa Kaka hauguswi. Alichora chipu maisha yake yote, mashine yake ndiyo kipimo, na ikitofautiana na ya kwangu basi aliyekosea ni mimi niliyehamisha. Ndivyo tunavyofanya kazi hii: ya zamani ndiyo kweli, mpya ithibitishe. Kaka hakukosea. Kosa liko kwangu na nitalitafuta mpaka nilipate.

Nivumilie. Najua wewe ungependa iwe kamili kama alivyoiacha.

Mchora Chipu


25 Mei

Shemeji,

Nimekutumia kila ulichoomba, na kurasa mbili ulizosahau kuomba lakini nimeona bora uwe nazo.

Sikiliza. Mpimaji amepata uhamisho, mji wa mbali, mwisho wa mwezi ujao anaondoka. Kazi za uuguzi huko zipo pia, nimesikia. Nakuambia kama habari tu. Ila kama ungeweza kunipa tarehe, hata ya kukisia, ingenisaidia kupanga mambo yangu. Je, mashine ikija kwako huko, ikafungwa vizuri kwenye boksi, haiwezi kufanya kazi? Nauliza tu, usishtuke.

Kuna jambo nilitaka kukuambia, lakini kila nikishika kalamu naona si la kwenye barua. Ukija likizo tutaongea.

Binti anasema kama huji aje yeye akufuate.

Muuguzi


14 Juni

Shemeji,

Mashine kusafirishwa! Unataka presha yangu ipande? Diski ile ni mzee wa heshima, ikitikiswa kidogo tu kwenye lori, kwisha habari yake. Iache hapohapo, nakuomba kwa magoti.

Sasa habari njema. Nimelipata! Kompyuta zetu mpya zina visanduku vikubwa vya kuwekea namba, mashine ya Kaka ina vidogo. Nimeilazimisha programu itumie visanduku vidogo kama vyake, na papo hapo karatasi zimefanana. Ukaguzi unasema hakuna kosa, kama wako. Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika.

Kilichobaki ni kwamba kwa visanduku vidogo programu inaanguka ikifungua michoro mikubwa, kwa hiyo inabidi nipitie kila mahali nipime upya, na kila kipimo nikilinganishe na chako. Meneja amenuna, lakini mchoro wa watoto wachanga ameukubali na tumeupeleka kiwandani. Sampuli zitarudi baada ya miezi kadhaa. Nivumilie mpaka hapo, usizime wala usihamishe. Likizo sitaweza, niombee radhi kwa binti.

Mpimaji mpe safari njema. Atapata kiti kingine cha kukalia huko aendako, ha ha.

Mchora Chipu


30 Juni

Shemeji,

Karatasi ni hizi.

Mpimaji ameondoka jana. Alinipa betri, akasema nitaihitaji kuliko yeye.

Muuguzi


10 Oktoba

Shemeji,

Nimeianza barua hii mara nyingi na kila mara naichana.

Sampuli zimerudi. Tuliziweka mezani, wenzangu wote wamesimama, hata Meneja alikuja na simu yake apige picha. Tukawasha ya kwanza. Ikapata moto, ikanuka, ikafa. Ya pili vilevile. Hakuna iliyopona. Tulipozifungua tukaziona zile nyaya mbili nene, zimeungua pale pale Linux iliposema.

Nimekaa na programu ya Kaka wiki nzima, mstari kwa mstari. Umbali unaotakiwa kati ya nyaya nene unazidishwa kwa wenyewe, na jibu linakuwa kubwa kuliko kile kisanduku kidogo. Mashine ya kale ikizidiwa hivyo haisemi kitu. Inaligeuza jibu liwe chini ya sifuri, kisha inaona kila umbali unatosha. Michoro yake ya nyuma ilikuwa na nyaya nyembamba, hesabu haikufika huko, kwa hiyo hakuna aliyejua. Huu wa mwisho ndio uliofika.

Linux ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza niliyoendesha ukaguzi. Ilikuwa na visanduku vikubwa na ililiona kosa, ikaniambia wazi, mwezi wa tano. Mimi nikaiziba mdomo. Nikaifanya mbovu kwa makusudi ili ifanane na ya Kaka, na ilipofanana nikashangilia. Meneja aliniambia sogeza nyaya, siku moja tu. Ningesogeza, tungemaliza kabla ya mwezi wa sita.

Nisamehe kwa kukuambia kwamba mumeo alikosea. Ndilo lililonifanya nichane barua. Nilitaka upate kitu chake kisicho na doa, nimekuletea majivu. Programu ya Linux sasa iko sawa, nyaya nimezisogeza, sampuli nyingine zimeshaagizwa. Mashine yako sihitaji tena. Unaweza kuizima.

Shemeji yako


22 Oktoba

Shemeji,

Usilie kwa ajili hiyo. Kaka yako alikuwa anakosea kila siku ya Mungu, nimekaa naye nyumba moja, mimi ndiye niulizwe. Alikuwa anavaa shati kinyume akaenda nalo kazini. Sijaumia hata kidogo kusikia alikosea hesabu, na angekuwepo angekucheka wewe kwanza kwa kumfanya malaika.

Afadhali zimeungua mezani kwenu kuliko kwenye kifua cha mtoto wodini kwangu. Shukuru hilo.

Mashine nimeizima. Nyumba imekuwa kimya mno, nitazoea. Mimi sijambo kabisa, kazi inaendelea, usiwe na wasiwasi wowote juu yangu.

Muuguzi


25 Oktoba

Shikamoo Baba Mdogo,

Mama hajui kwamba naandika na nakuomba usimwambie, ingawa najua atajua.

Nimeisoma barua yako aliyoiacha mezani. Nimesoma pale ulipoandika "kabla ya mwezi wa sita" nikachukua kalamu. Baba Mdogo, Mpimaji alitaka kumuoa Mama. Alikuja mwezi wa tatu na mkubwa wake wa kazi, wamevaa vizuri, wakakaa sebuleni, wakasema. Mama akamwambia asubiri kidogo, shemeji ana kazi ya marehemu na mashine haiwezi kuachwa. Akasubiri. Uhamisho ulipokuja akamuomba waondoke pamoja. Mama alishajaza fomu ya kuhama hospitali, ilikuwa imebaki kuweka sahihi. Kila akitaka kusaini, bahasha yako inafika: usizime, usihamishe, nivumilie.

Kutoka huko aliandika mara mbili. Mama alimjibu kwamba bado. Baada ya hapo hakuandika tena.

Mimi nilitaka kukupigia simu, Mama akanikatalia katakata. Alisema, "Usimguse baba yako mdogo, hajapona." Sijui alikuwa na maana gani, wewe hukuwa mgonjwa. Sikuandikii kukutukana. Lakini nina hasira na sitaki uendelee kudhani kwamba kilichoungua ni chipu tu.

Binti yako


3 Novemba

Shemeji,

Nimejua habari za Mpimaji. Usiniulize nani kasema.

Nimezirudia barua zako zote. Jina lake limo, tena limo vizuri, hukulificha. Nililisoma kama mtu anavyosoma jina la fundi bomba. Uliniandikia kazi za uuguzi zipo huko, mimi nikakujibu habari za diski. Nikafanya na mzaha wa kiti. Natamani niikate mikono iliyoandika ule mzaha.

Niliapa kwamba naifanya kwa ajili yako. Kila Meneja aliponibana nilijiambia, yule mjane kule amekishikilia chumba kile, hana kingine, nikiiacha programu nitakuwa nimemnyang'anya. Sikuwahi kukuuliza kama ndivyo. Ningeuliza mara moja tu, sentensi moja, Shemeji, na ungekuwa umeshaondoka zamani.

Nimeomba ruhusa kazini. Nipe anwani yake nimfuate mwenyewe, nimwambie kwamba aliyemchelewesha ni mimi na ujinga wangu. Nitampigia magoti kama inabidi. Huenda hatujachelewa.

Nisamehe, mke wa kaka yangu.

Mchora Chipu


19 Novemba

Shemeji,

Binti yangu mdomo wake hauna mlango, nimeshamsema, tena kwa sauti. Halafu nikampikia, maana alikuwa analia.

Ruhusa yako irudishe, au njoo utusalimie sisi. Mpimaji usimfuate. Ameoa. Nilimpigia mwenyewe siku ileile barua yako ya Oktoba ilipofika, nimesimama jikoni na sare ya kazi bado mwilini, hata viatu sijavua. Nikamwambia, "Shemeji amemaliza." Akasema amefurahi kwa ajili yetu, na akaniambia kwa upole kabisa kwamba walifunga ndoa mwezi wa nane, na mwalimu wa hukohuko. Nikampa hongera. Nikamuulizia mguu, akasema hali ya hewa ya huko imemsaidia.

Unasema ulidhani mimi ndiye niliyekishikilia chumba. Mimi nilidhani ni wewe. Ulipoandika "Kaka hakukosea" niliikunja barua nikajiambia, huyu bado hajamzika kaka yake, anaongea naye kupitia mashine hii, na nikimwambia leo nataka kuolewa na kuifunga nyumba nitamvunja. Nikasema nikupe muda. Tumekaa hivyo, kila mtu anamlinda mwenzake na jambo ambalo mwenzake hakuwa nalo. Naona huruma, na pia nina hasira na wewe, nisikudanganye. Itapungua.

Lakini usibebe mzigo wote peke yako, kuna wangu. Yule mtu aliniuliza sebuleni, aliniuliza mlangoni, aliniuliza kwenye barua. Kila alipouliza nilimjibu habari za mashine. Imefika ukurasa gani, umeme umekatika, Mganga anasema bado. Sikumwambia hata mara moja kwamba nataka kwenda naye. Niliona aibu, umri huu, na nilidhani anajua mwenyewe.

Kabla hatujakata simu aliniambia, "Nilielewa mapema kwamba hukutaka, ila una adabu, hukupenda kunikatalia usoni. Nilikushukuru kwa hilo." Nikamsikia mkewe kwa nyuma anamuita, chakula kinapoa. Nikamwambia ndiyo, ilikuwa hivyo.

Nilitaka, Shemeji. Nilitaka sana.

Muuguzi